Katalogi ya maktaba inayotumia Koha: uzoefu wangu, kuanzia kisanduku cha kutafutia hadi rafuni

Naipa Koha nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoizuia si kosa la programu peke yake. Koha ni programu huria ya kuendeshea maktaba. Ilianzia New Zealand, ikaanza kazi mwaka 2000, na jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Hapa naizungumzia upande wa msomaji tu, yaani ule ukurasa wa katalogi unaofunguka kwenye kompyuta ya maktaba au kwenye simu. Upande wa mkutubi una mambo yake.

Kinachowaangusha wengi ni kudhani kwamba katalogi inasoma vitabu. Inasoma rekodi. Mkutubi amejaza jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, mada mbili tatu, na akiwa na muda, muhtasari. Neno lililo ukurasa wa 90 lakini halimo kwenye rekodi halitakuletea kitu, hata kama kitabu kiko rafu ya nyuma yako. Tena maneno unayoandika yanadaiwa yote kwa pamoja, kwa hiyo kila neno unaloongeza linapunguza majibu. Anayeandika "namna ya kufuga nyuki ili kupata asali nyingi" anadai rekodi yenye "namna" na "ili" pia. Anapata sifuri, anaondoka akisema maktaba haina kitu. Andika "nyuki" tu. Majibu yakizidi, ndipo uongeze neno la pili.

Kwa Kiswahili kuna mtego mwingine ambao sijauona ukielezwa kwenye kurasa za msaada. Kinyota hukamilisha mwisho wa neno: "fug*" itashika fuga, fugwa na fugia. Lakini ufugaji, kufuga, mfugaji na wafugaji yote yanaanza na herufi nyingine, na kinyota hakiyaoni. Hata kile kipengele cha kurudisha neno kwenye mzizi wake hukata viambishi vya mwishoni, ilhali sisi wingi tunauweka mwanzoni: mti, miti, kitabu, vitabu. Dawa ni kuorodhesha maumbo mwenyewe: "ufugaji OR kufuga OR mfugaji OR wafugaji". OR, yaani "au", iandike kwa herufi kubwa. Maneno yenye ng' nayo yajaribu zaidi ya mara moja, kwa alama na bila alama (ng'ombe, ngombe), maana aliyeingiza rekodi huenda alitumia alama tofauti na iliyo kwenye kibodi yako.

Sasa mada, na hapa ndipo penye faida kubwa kuliko kote. Maktaba nyingi hutumia orodha ya vichwa vya mada ya Library of Congress ya Marekani, kwa hiyo kitabu cha Kiswahili kinaweza kuwa na mada iliyoandikwa kwa Kiingereza. Ukichagua "mada" kwenye menyu ndogo ya kisanduku ukaandika "ufugaji wa nyuki", huenda usipate kitu, kwa sababu kichwa rasmi ni "Bee culture". Hata Mwingereza mwenyewe asingekikisia. Usijaribu kukisia basi. Fanya hivi: tafuta kwa neno la kawaida upate kitabu kimoja tu kinachokufaa, fungua rekodi yake kamili, shuka hadi kwenye mada, bofya. Katalogi itakuletea vyote vilivyopewa kichwa hicho, viwe vya Kiswahili, Kiingereza au Kifaransa, vyenye neno nyuki kwenye jina au visivyo nalo. Kwa njia hii nimepata zaidi kuliko kwa utafutaji wa kina wenye visanduku vyote vile.

Ukipenda mkato, andika kifupi kabla ya neno: "ti:" kwa jina la kitabu, "au:" kwa mwandishi, "su:" kwa mada. Kwa mwandishi, neno moja la jina lake lisilo la kawaida linatosha. Rekodi nyingi hugeuza jina, la mwisho likatangulia. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, iandike bila vistari. Vitabu vya kabla ya 2007 vina tarakimu 10, vya baadaye 13, na huwezi kugeuza ya zamani kwa kubandika 978 mbele tu, kwani tarakimu ya mwisho hukokotolewa upya.

Vichujio vya pembeni ni vizuri kwa kuchagua aina ya kitabu, mahali au mada. Idadi zake usiziamini sana. Kuna mipangilio ambayo vichujio hujengwa kutokana na majibu machache ya mwanzo, si yote, hivyo mwandishi unayemtaka anaweza kukosekana pale ilhali yumo. Punguza majibu kwanza, ndipo uchuje.

Kabla ya kuinuka kitini soma vitu vitatu kwenye jedwali la nakala: hali, mahali, na namba ya rafuni. "Inapatikana" maana yake ni kwamba haijaazimwa. Haina maana kwamba iko rafuni. Inaweza kuwa mezani mwa msomaji mwingine, kwenye kitoroli ikisubiri kurudishwa, au imechomekwa rafu isiyo yake. Mahali pakisema marejeo au ghala, kitabu hakitoki, au lazima kiombwe kaunta.

Namba inakiliwe yote, pamoja na herufi za chini. Maktaba inayopanga kwa Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, huweka ufugaji wa nyuki 638.1, lakini nyuki kama wadudu, kwa maana ya elimu ya wanyama, wako 595.799. Somo moja, rafu mbili mbalimbali, na hakuna atakayekwambia ukiwa umesimama pale. Kisha namba husomwa kama desimali, tarakimu moja moja: 638.14 hutangulia 638.2, ingawa 14 ni kubwa kuliko 2. Wengi hupitiliza hapo. Usipokiona, angalia vitabu kama kumi kushoto na kumi kulia, na rafu ya juu na ya chini. Kitabu kilichopotea mara nyingi hakiendi mbali.

Kitabu kikiwa kimeazimwa, ingia kwenye akaunti yako uweke nafasi. Kwenye foleni kuna tofauti kati ya kuomba nakala yoyote na kuomba nakala maalumu: chagua yoyote, isipokuwa unahitaji toleo fulani. Kikapu, pale unapokusanya vitabu ulivyovichagua kwenye katalogi, nacho kina udhaifu wake. Ukifunga kivinjari bila kuhifadhi vitabu kwenye orodha ya akaunti yako, vinaweza kufutika, na kwenye kompyuta ya umma hilo hutokea haraka. Mimi hujitumia kikapu kwa barua pepe kabla ya kusimama.

Nyota niliyoizuia ni ya ukurasa wa "hakuna majibu". Unasema hakuna, basi. Maktaba inaweza kuwasha mapendekezo ya tahajia, lakini mengi ya niliyoyaona yanatoa maneno ya Kiingereza kwa anayetafuta Kiswahili. Ukikwama pale, peleka kwa mkutubi ile namba ya rafu ya kitabu kilichokaribia, si jina la kitabu usichokipata.