Dirisha la paa lenye pazia la nje: uzoefu wangu kwenye karakana ya kushonea

Nina karakana ya ushonaji Dar es Salaam: magauni ya harusi, suti, sare za kwaya. Jengo letu limebanwa. Kulia ukuta wa jirani, kushoto ukuta wa jirani, mbele mlango wa duka, nyuma stoo na choo. Dirisha la pembeni halina pa kukaa, kwa hiyo mwanga wa kufanyia kazi lazima utoke juu. Nimekaa miaka na mabati ya faiba. Sasa natumia vitu viwili: dirisha la kioo kwenye paa, lenye pazia la mota upande wa nje, na bomba la mwanga lenye kipunguzio kwenye chumba cha kujaribia nguo. Vimepita masika, kipupwe na joto la Januari, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Naandika kwa sababu nilipokuwa natafuta ushauri, karibu kila nilichosoma kilitoka kwa watu wa nchi za baridi, ambao shida yao ni mwanga kuwa mdogo. Kwetu mwanga unakuja wote kwa mkupuo, na joto lake mgongoni. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: hela ya kuudhibiti mwanga ina faida kuliko hela ya kununua kioo kikubwa zaidi.

Faiba kila mtu anaijua. Ni rahisi, fundi anaichomeka katikati ya mabati ya kawaida, na siku ya kwanza unafurahi kweli. Baada ya muda jua linaila, inaanza kuwa njano, na kila kilicho chini yake kinakuwa njano kidogo pia. Kwa fundi seremala hilo si neno. Kwangu ni balaa. Kuna bibi harusi alisimama mbele ya kioo akaniambia, "Dada, lesi niliyoleta ilikuwa nyeupe, hii mbona ya maziwa?" Ikabidi tutoke naye barabarani na gauni mkononi ndipo akaamini ni ileile. Na jambo ambalo wengi hawalisemi: faiba iliyozeeka haibebi mtu. Fundi wa paa akiikanyaga kwa kusahau anapita nayo hadi chini. Kama unayo, funga wavu wa chuma chini yake, na mwambie kila anayepanda juu ipo wapi.

Sasa kuhusu jua letu, maana hapa ndipo ushauri wa wenzetu wa kaskazini unapokwama. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Katikati ya miezi hiyo, yaani kipupwe chote, jua la mchana linakaa upande wa kaskazini. Mwezi Juni linafika nyuzi kama 60 tu juu ya upeo wa macho. Oktoba likishapita utosini linahamia kusini hadi Machi. Viwanda vya nguo vya Uingereza vya zamani vilijengewa mapaa ya meno ya msumeno, vioo vikitazama kaskazini, kwa kuwa kule jua la mchana halifiki upande huo, na wafanyakazi walipata mwanga uliotulia asubuhi hadi jioni. Jenga hivyohivyo hapa: kioo kikitazama kaskazini utalipata jua la Juni, kikitazama kusini utalipata la Desemba. Hakuna upande wa kujifichia. Ndiyo maana kivuli kisichosogea hakitutoshi; tunahitaji kitu kinachofunguka na kufungwa.

Na kiasi cha mwanga tunachohitaji ni kidogo mno ukilinganisha na kilichopo. Jua kali la wazi linafika laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Kiwango cha Ulaya cha mwanga wa kazini, EN 12464-1, kinataka laksi 750 kwa kushona na 1,000 kwa kukagua kitambaa. Yaani mezani kwangu nahitaji asilimia moja tu ya mwanga ulioko juu ya bati! Zinazobaki zote ni kuumiza macho, kufifisha vitambaa na kuwatoa mafundi jasho linalodondokea satini ya mteja.

Joto nalo nililielewa siku fundi aliyekuja kupima alipokataa kuniuzia pazia la ndani, ambalo ni rahisi zaidi. Alisema, "Mama, joto likishavuka kioo limeshaingia. Pazia la ndani litakupa kivuli, joto utabaki nalo." Nilihakikisha baadaye, na ni kweli tupu. Jua la mchana usio na mawingu linashusha takriban wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba, na kioo cha kawaida kinapitisha sehemu kubwa yake. Dirisha langu ni karibu mita moja ya mraba. Likiachwa wazi, ni sawa na kuwasha pasi ya umeme juu ya vichwa vyetu tangu saa nne hadi saa tisa. Pazia la ndani linalimeza joto hilo na kulirudisha chumbani polepole. Pazia la nje linalipokea juu ya paa, na upepo unaliondoa hukohuko.

Kwa hiyo nikachukua la nje. Ni kitambaa cha wavu mzito, rangi ya kijivu, kinachoteremka ndani ya reli mbili za alumini ili upepo wa kusi usikipeperushe. Mota ina betri yake na kipaneli kidogo cha sola, hivyo hakuna waya uliopitishwa darini na umeme ukikatika pazia bado linatii rimoti. Bei yake ilikaribia ya dirisha lenyewe, na hapo nusura nighairi. Leo ningeambiwa nichague kimoja kupunguza ukubwa, ningepunguza kioo, pazia ningelibakisha.

Kitu ninachokipenda zaidi ni kulisimamisha katikati. Kushona uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi kunataka mwanga unaotoka upande mmoja, ili kila pigo la sindano litupe kivuli chake na jicho lilione. Mwanga uliotawanyika kila kona unazifuta alama hizo, kitambaa kinaonekana kama kimelala tu. Basi siku ya suti tunaliteremsha pazia nusu, meza inasogezwa kidogo pembeni, na mishono inasimama yenyewe. Siku ya lesi nyeupe tunalishusha lote, kwa sababu nyeupe kwenye jua la moja kwa moja inawaka mpaka huoni inapoishia shanga na inapoanzia lesi. Likiwa chini kabisa mchana, programu ya kupimia mwanga kwenye simu inasoma kati ya laksi 800 na 1,000 mezani. Si kipimo cha maabara, lakini kinalingana na macho yetu.

Sensa ya mwanga ndiyo iliyonisumbua. Waliniuzia kipimo cha mwanga cha kufungwa darini, kinachotazama meza na kuamua chenyewe pazia lishuke au lipande. Mara pazia lashuka wakati hakuna jua, mara lapanda mchana kweupe. Tulidhani ni kibovu, kumbe kinafanya kazi yake: kinapima mwanga unaorudi kutoka mezani. Tukitandaza satini nyeupe, mwanga mwingi unarudi juu, nacho kinadhani chumba kimezidi kung'aa, kinafunga. Tukitandaza kitambaa cheusi cha suti, kinaona giza, kinafungua. Dawa yake ilikuwa kukihamisha kitazame sehemu ya sakafu isiyobadilika, na kuongeza muda wa kusubiri ili wingu moja likipita pazia lisianze kupanda na kushuka bila mpango. Muuzaji hakutuambia lolote kati ya hayo. Nawe ukiuziwa cha aina hii kwa karakana ya nguo, uliza kwanza kinatazama nini.

Sehemu nyingine iliyolipa kuliko nilivyotarajia ni shimo lenyewe, yaani zile kuta nne zinazotoka kwenye kioo hadi kwenye siling bodi. Niliomba zitanuke kuelekea chini na zipakwe rangi nyeupe isiyong'aa. Mwanga unagonga kuta hizo kwanza, ndipo unashuka umeshapoa ukali. Wazee wa Lamu hawakuhitaji kuambiwa: kwenye nyumba zao za mawe jua linaingia kiwandani, uwanja ulio wazi katikati ya nyumba, linagonga chokaa nyeupe, na wanaokaa kwenye misana, vile vyumba virefu vinavyotazama uwanja huo, wanapata mwanga ule uliokwisha kugonga, si jua lenyewe. Kuta zile nne zimenigharimu mbao, jipsamu na rangi tu, na nadhani zinafanya robo ya kazi nzima.

Bomba la mwanga la chumba cha kujaribia ni kitu kingine. Juu ya paa kuna kuba ya plastiki ngumu, chini yake bomba la alumini linalong'aa ndani, upana wa sentimita 35 hivi, na kwenye dari kuna kifuniko cheupe kinachotawanya mwanga. Hakuna anayeweza kuchungulia, na kwa chumba ambamo watu wanavua nguo hilo ni la lazima. Ndani ya bomba kuna bamba la duara linalozunguka kwa swichi ya ukutani: likilala sawa na bomba mwanga unapita, likiziba unakatika. Mteja anaona gauni lake kwa mwanga wa mchana, kisha nafunga bamba na kuwasha taa za njano kama za ukumbini, analiona tena jinsi litakavyokuwa usiku wa sherehe. Wateja wanaondoka bila wasiwasi wa rangi, na kazi za kurudishwa kwa sababu hiyo sizioni tena.

Mapungufu yake: bamba likifungwa bado kuna pete nyembamba ya mwanga pembeni. Umeme ukikatika linabaki palepale lilipo, kwa sababu hili halina betri. Na bomba linataka linyooke; kila kona inapunguza mwanga, kwa hiyo mwache fundi aligeuze tu pale ambapo kenchi inamlazimisha.

Lawama yangu kubwa ni ya uwekaji. Kampuni iliyoniuzia dirisha ilileta mabati ya kuzungushia fremu yaliyotengenezwa kwa paa la vigae, wakati paa langu ni bati la mgongo wa kawaida. Walikunja, wakajaza silikoni, wakaondoka. Masika ilipoanza maji yakateremka kwenye mabonde ya bati, yakakusanyika nyuma ya fremu upande wa juu, na kutoka hapo hadi kwenye cherehani ya ovaloki. Simu zangu zilipokewa kwa ahadi. Aliyenitoa ni fundi wa mtaani. Aliondoa silikoni yote, akalaza bati bapa kutoka nyuma ya fremu mpaka chini ya kofia ya paa, ili maji yasipate pa kutuama, akainua kingo za fremu. Mvua za vuli zilizofuata hazikuingiza hata tone. Kabla hujalipa, waonyeshe picha ya bati lako na wakuonyeshe wao jinsi maji ya juu ya dirisha yatakavyopita. Wakikujibu kwa silikoni, tafuta wengine.

Usafi: vumbi na chumvi ya bahari vinalifunika kioo haraka, na kwenye reli za pazia vinaganda. Maji, sabuni laini na kitambaa, basi. Kuba ya plastiki usiisugue kwa steelwire wala unga wa kusafishia vyombo, inachubuka na haitengenezeki. Vitambaa bado navifunika jioni na siku za mapumziko. Kioo changu ni cha tabaka mbili zilizogandishwa na plastiki katikati, kinazuia karibu miale yote ya urujuanimno (UV, ile isiyoonekana inayofifisha rangi), lakini mwanga wa kawaida nao hufifisha rangi ukipewa muda.

Kama umepanga fremu ya duka na mkataba wako ni wa mwaka, usinunue haya. Kama una dirisha la pembeni lisilo na kivuli, anza na hilo kwanza. Na kama bajeti ni ndogo, kuna seremala jirani yangu ambaye faiba yake bado ni nzima, lakini juu yake ametengeneza fremu nyepesi ya mabomba na kuitandika neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche. Ameiinua kama shibiri moja kutoka kwenye bati ili hewa ipite, na ina kamba mbili zinazoshuka hadi dirishani: moja ya kuvuta, moja ya kurudisha. Nimesimama chini yake saa saba mchana, na tofauti ya joto ikifungwa na ikifunguliwa unaihisi kwenye utosi papo hapo. Neti ikichakaa anabadilisha neti peke yake.