FlySky FS-i6 kwa anayejifunza kupindua ndege ya rimoti, ukiwa Mwanza

Anayetaka kuacha kurusha ndege ya rimoti kwa mizunguko mitupu na kuanza kuipindua angani huwaza kwanza ndege mpya. Aanze na redio. Ndege ya povu ya bawa mita 1 yenye eleroni, yaani vibao vya bawani vinavyoilaza ubavu, itapiga lupu (duara la wima angani) bila shida ikiwa imefungwa sawa. Kinachoiangusha mara nyingi ni usukani mkali uliowekwa chini ya vidole ambavyo bado havijazoea. FlySky FS-i6 ni redio ya bei nafuu, chaneli 6, masafa ya 2.4 GHz, ina nafasi ya kuhifadhi ndege 20, na kwa kazi hii inatosha kabisa. Ila usiirushe kama ilivyotoka kwenye boksi.

Utakachoshukuru zaidi ni ukurasa wa kupunguza ukali wa vijiti. Kila chaneli ya usukani ina viwango viwili unavyobadilisha kwa swichi. Kwa lupu na kujiviringisha za mwanzo weka asilimia 65 hadi 70 kwenye elevata (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) na eleroni, kisha acha asilimia 100 upande wa pili wa swichi kwa ajili ya baadaye. Juu ya hapo ongeza ekspo ya asilimia 30, inayofanya kijiti kiwe kipole katikati na kikali kikifika mwisho. Hapa wengi hukosea alama ya kujumlisha na kutoa, ndege ikawa kali maradufu. Usikisie, tazama mchoro kwenye skrini: mstari ukilala pale katikati, umepata, ukisimama wima katikati, geuza alama.

Halafu kuna mtego unaowakera watu wote wa redio hii. Ukimaliza kubadilisha, usibonyeze CANCEL na kuachia. Ukifanya hivyo umefuta kazi yako yote. Ishikilie CANCEL mpaka skrini irudi nyuma yenyewe, ndipo inahifadhi. Ingia tena ukurasa uleule uhakikishe namba zimebaki. Anayesahau hilo hupanda uwanjani akiamini ana asilimia 65, kumbe ana 100.

Failsefu, yaani kile ndege inachofanya ikipoteza mawasiliano na redio, nayo haiji ikiwa imepangwa. Fungua propela uiweke pembeni, ingia mipangilio ya risiva (kipokezi kilicho ndani ya ndege), chagua chaneli ya 3 ambayo ndiyo resi, yaani nguvu ya mota, iwashe huku umeshusha kijiti cha resi hadi chini, hifadhi. Sasa piga resi kidogo na uzime redio. Mota lazima inyamaze. Ikiendelea kuzunguka, usirushe siku hiyo.

Risiva ya kuulizia ni iA6B, yenye antena mbili na tundu la vihisi. Antena hizo zilaze kwa pembe ya nyuzi 90, moja kufuata urefu wa mwili wa ndege na nyingine kuelekea bawani, mbali na betri na nyaya za mota. Ndege inayopinduka huelekeza kila ubavu kwako kwa zamu, na antena zikilazwa pamoja kuna pozi ambalo zote mbili zinapotea kwa mpigo.

Sasa angani. Panda angalau mita 50, ukikabili upepo. Kwa lupu, sawazisha mabawa kwanza, piga resi yote, vuta elevata polepole. Ikifika kileleni punguza resi, ikianza kushuka legeza kijiti kidogo, kisha vuta tena kutokea chini. Lupu ikijikunja kama kizibuo, mabawa hayakuwa sawa ulipoanza kuvuta, au bawa moja ni zito kuliko lenzake. Pima hilo nyumbani: ishike ndege kwa pua na kwa mkia, bawa linaloshuka lipate uzito mdogo upande wa pili kwenye ncha.

Kujiviringisha ndiko kunakovunja ndege nyingi. Inua pua nyuzi 10 hadi 15, rudisha elevata katikati, ndipo usukume eleroni yote upande mmoja. Ndege ikiwa chali, kidole kinataka kuvuta kwa sababu pua inashuka, na ukivuta hapo unaipeleka ardhini moja kwa moja. Inatakiwa kusukuma, tena kidogo tu. Kwenye kiwango cha asilimia 65, mzunguko mmoja unaochukua kama sekunde 2 unakupa muda wa kukumbuka hilo. Ndege isiyoinuliwa pua kwanza hutoka kwenye mzunguko imeshapoteza mita nyingi.

Kugeuka kileleni, yaani kupanda wima, kuipindua kwa usukani wa mkia na kushuka palepale ulipopandia, kunahitaji jambo moja ambalo redio haikufanyii: usukani wa mkia upigwe ndege ikiwa bado ina mwendo kidogo, na resi ibaki kidogo ili upepo wa propela ugonge usukani huo. Ukisubiri isimame kabisa, italala kifudifudi au chali bila mpangilio.

Kabla ya yote hayo, hakiki mizani. Panda kwa nyuzi 45, igeuze chali, achia vijiti. Ikishuka pua kwa kasi, betri iko mbele mno. Ikiendelea kupanda yenyewe, iko nyuma mno. Irudishe mbele kabla ya kujaribu kitu kingine chochote.

Mwanza ina masharti yake. Ziwa lenyewe liko karibu mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Propela inasukuma kidogo, na ndege inaishiwa mwendo mapema, kwa hiyo ingia kila pindo ukiwa na kasi zaidi na usitegemee maelezo ya waliorusha pwani ya bahari. Saa nzuri ni 12:30 hadi 3 asubuhi. Baada ya hapo upepo wa ziwani unaanza kuja nchi kavu, ukipita juu ya mawe makubwa unavurugika, na nyuma ya jabali ndege inatikiswa bila sababu unayoiona. Jioni, upande wa Nyegezi na Luchelele, jua liko juu ya maji. Ndege inageuka kivuli cheusi na hujui mgongo ni upi wala tumbo ni lipi. Bandika utepe mpana mweusi na mwekundu tumboni. Usipindue juu ya maji, kwani hayakupi alama ya kukadiria kimo. Uwanja wa ndege uko Ilemela, kaa mbali nao kabisa, na ruhusa ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, itafutwe kabla, si baada ya kuulizwa.

Mapungufu ya redio yapo. Haina kipima muda, hivyo tumia saa ya simu: betri ya seli 3 ya mAh 2200 ipewe dakika 5 tu za mapindo, utue ikiwa na volti 3.7 kwa seli baada ya kupumzika. Michanganyo ya chaneli, yaani kufanya chaneli moja isogeze na nyingine, ni 3 tu. Yenyewe inatumia betri ndogo 4 za AA. Za alkalini zinadumu, zile za bei ya chini kabisa za dukani hushuka haraka na redio ikaanza kupiga kelele katikati ya mruko. Kwa upande mwingine, tundu la nyuma linakubali waya wa kompyuta, na kwa PicaSim, programu ya kuigiza urushaji ambayo ni bure, unaweza kupindua ndege chali mara mia moja kwa vijiti vilevile.

Ukinunua redio iliyokwisha kutumika, iwashe hapohapo, fungua ukurasa unaoonyesha chaneli zote, na sogeza kila kijiti polepole kutoka mwisho hadi mwisho. Mstari ukiruka au ukitetemeka katikati, vumbi au uchakavu umeshaingia kwenye kijiti hicho, rudisha.