Machi ya NCAA: ufuate namba za kamati au takwimu za ufanisi?

Kila Machi mabishano ni yale yale: ukijaza jedwali la kubashiri washindi wa mashindano ya NCAA, yaani mpira wa kikapu wa wanaume wa vyuo Marekani, uamini namba ambazo kamati huzipa timu, 1 (bora zaidi) hadi 16 (dhaifu zaidi), au takwimu za ufanisi kama za mchambuzi Ken Pomeroy?

Kwa gharama, namba zinashinda. Ni za bure na hazibadiliki zikishatangazwa. Takwimu huhesabu pointi kwa kila mashambulizi 100 na kupima ubora wa mpinzani. Hubadilika kila mechi, kwa hiyo lazima uzifuatilie.

Kwenye uhakika ndipo utamu ulipo. UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) ya 2023 ilipewa namba 4 tu, ila takwimu zilishaiweka miongoni mwa timu bora. Ikabeba kombe. Lakini Virginia ya 2018, yenye ulinzi uliosifiwa kwa takwimu na kwa mdomo, ilikuwa namba 1 na ikafungwa 74-54 na UMBC, chuo cha Maryland, ya namba 16. Wenye msemo wa “ulinzi huleta ubingwa” walinyamaza, mpaka Virginia hiyo hiyo ilipotwaa taji 2019. Mechi moja haithibitishi kitu.

Na ile imani ya namba 12 kuitoa namba 5 zinapokutana raundi ya kwanza? Hutokea takriban mara moja kati ya tatu, ila mwaka 2023 haikutokea hata mara moja.

Unashindana kubashiri na wenzako watano ofisini? Namba zinatosha. Mkiwa mamia, wengi watafuata namba hizo hizo, na hapo takwimu zitakusaidia kuchagua tofauti.