Mituele ya afya ya Kadutu: nyota tatu kwa tano

Mituele ni kikundi cha batu benye banachanga makuta ya kulipia matunzo ya memba mwenye anagonjwa. Kama uko na familia kubwa Bukavu, ingia. Banaandikisha nyumba nzima, habakubali ulete tu yule mugonjwa, na kisha kulipa unangoya kwanza myezi tatu mbele baanze kukulipia matunzo, batu banasemaka ni wizi lakini bila ile kila mutu angeingia siku ya operasio na makuta ya mituele ingeisha mbio. Kuzaa banalipa vizuri sana.

Chenye kinanikera: muuza makala na mwenye etaji banatoa kotizasio (muchango) ya sawasawa! CNSS, kesi ya Leta ya pansio, inakata mufanyakazi 5% ya mushahara, mwenye kupata mingi anatoa mingi, lakini mama wa soko ya Nyawera iko na mushahara gani ya kukata? Na dawa, mara mingi "zimeisha", unaenda kununua farmasi ya inje.