Nilimpeleka mama yangu PNC Park, Pittsburgh, hii hapa uzoefu wangu

Mimi nipo Marekani mwaka wa kumi na moja sasa na viwanja vya besiboli nimeshaingia kadhaa, Fenway kule Boston ambao upo toka 1912, Wrigley wa Chicago wenye ule ukuta wa matofali uliofunikwa na majani, vyote vizuri sikatai, ila mtu akiniuliza niende wapi na familia, hasa na watu wasioujua huu mchezo hata chembe, namwambia nenda Pittsburgh, PNC Park. Mwezi wa saba mwaka jana nilienda na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, wanangu wawili, na rafiki yangu Mkongo wa Bukavu anayeishi hukohuko Pittsburgh pamoja na mkewe.

Kwanza usafiri. Safari yangu ya mwanzo, nilipoenda peke yangu, niliingiza gari kwenye maegesho fulani jirani na uwanja, dola 40, halafu kutoka pale baada ya mechi nikakaa kwenye foleni karibu saa nzima. Safari hii gari tuliliacha mjini ng'ambo ya mto tukavuka kwa miguu daraja la Roberto Clemente. Siku za mechi daraja wanalifunga magari yasipite, basi linakuwa la watu tu, watoto wamevaa jezi, wauza maji, mtu anapuliza saksafoni, na chini mtoni maboti yamejaa watu. Asiyeweza kutembea kuna treni ya mjini, kutoka katikati ya mji mpaka kituo cha North Side ni bure, hulipi hata senti.

Mama alisimama katikati ya daraja, kashika chuma cha njano, akaniuliza huyu Clemente ni nani hata akapewa daraja zima. Nikamwambia alikuwa mchezaji wa hapa, Mpuerto Rico mweusi, kaichezea Pirates, timu yenye uwanja huu, toka 1955 mpaka 1972, na mwisho wa mwaka 1972 kulipotokea tetemeko kubwa Nicaragua alikusanya misaada akapanda nayo ndege mwenyewe tarehe 31 Desemba, ndege ikaanguka baharini, na mwili wake haujapatikana mpaka leo. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Innalillahi, kafa akipeleka sadaka." Ukimaliza daraja unakuta sanamu yake, na kwenye kitako chake wameweka udongo wa kiwanja cha kwao Puerto Rico na wa viwanja viwili vya zamani vya Pittsburgh. Mama alikaa pale muda mrefu kuliko sisi wote. Rafiki yangu naye akaongeza kitu nilichokuwa sikijui miaka yote, kwamba tarehe 1 Septemba 1971 hii timu ndiyo ya kwanza kwenye ligi kuu kuanzisha mechi na wachezaji tisa wote weusi na Walatino, na Clemente alikuwemo. Wanangu walisikiliza kimya kabisa, nilifurahi mno.

Ndani sasa. Uwanja umefunguliwa 2001, una majukwaa ya ghorofa mbili tu na kiti cha juu kabisa kipo futi 88 kutoka uwanjani, kwa hiyo hata tiketi ya bei nafuu unamuona mrushaji vizuri mpaka jasho. Sisi tulikaa juu, nyuma ya mpigaji kuelekea upande wa kushoto, na mbele yako unapata mto, madaraja ya njano na maghorofa ya mjini yote kwa pamoja, mechi ilianza saa 12 na dakika 40 jioni na giza lilipoanza kuingia taa za mjini zikawaka moja moja, aisee nilisahau kabisa kuangalia mpira. Ukuta wa kulia una futi 21 kwenda juu, ndiyo namba ya jezi ya Clemente, na ng'ambo ya ukuta ule ni mto wenyewe.

Mama alianza kwa kusema hii si ndiyo kriketi ya Wahindi, mwanangu wa miaka tisa akamfundisha, bibi huyu akikosa mara tatu anatoka, bibi mpira ukivuka ukuta wote wanarudi nyumbani, yaani pale anaposimama mpigaji. Kufika kipindi cha nne bibi anapiga makofi kabla yetu. Halafu wana mbio za watu waliovaa kama pierogi, yaani ule unga wenye viazi ndani unaochemshwa, mfikirie sambusa isiyokaangwa, watoto walicheka mpaka wakashuka kwenye viti. Na tangu 2023 ligi imeweka saa ya mrushaji, lazima arushe ndani ya sekunde chache, kwa hiyo mechi haichukui tena muda mrefu kama zamani na watoto hawakusinzia.

Chakula cha ndani ni ghali, sandwichi ya Primanti yenye chipsi na kabichi humohumo ndani ilitupa nguvu lakini moja watu wawili wanashiba. Mke wa rafiki yangu alikuja na chapati na kuku kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, getini wakaangalia wakatupitisha na maji yetu yaliyofungwa, hilo peke yake kwa familia kubwa ni ahueni. Tiketi nunueni mapema kwa timu wenyewe, kuna mtandao mmoja wa kuuza tena tiketi uliniongezea makato mwishoni kabisa mpaka bei ikawa nyingine.

Timu ilifungwa, na ubingwa mara ya mwisho walichukua 1979, lakini watu wa pale wanakaa mpaka mwisho. Kitu kimoja tu, ngazi za jukwaa la juu zimesimama sana, mama magoti yanamsumbua na kushuka ilibidi nimshike mkono hatua kwa hatua. Mkienda na mzee chukueni viti vya chini hata kama vimezidi dola kadhaa, na viwe vya pembeni ya njia.