Hedifoni hizi kwa singeli ni moto, kwa kwaya ni balaa, na aliyeniuzia ndiye aliyeniudhi zaidi

Naanza na yule kijana wa dukani, maana bila yeye pengine hapa ningekuwa nasifia tu. Aliniambia, mbele ya wateja wengine na muuza kahawa aliyekuwa anapita, kwamba hedifoni hazina shida, shida ni masikio yangu. "Mama, masikio yako hayalingani. Wengine ndivyo mlivyo."

Wengine ndivyo mlivyo! Mimi ninayeimba sauti ya pili tangu sijaolewa, mimi ambaye mwalimu wa kwaya akitaka kujua nani kashuka nusu sauti huwa ananitazama mimi kwanza. Haya, tuyaache kidogo, nitayarudia, tena nitayarudia kwa hasira.

Ni hedifoni za waya, zile za kutumbukiza sikioni zenye viraba. Kampuni siitaji, na duka silitaji, liko Mwanjelwa, huku kwetu Mbeya, na waliozoea kununua vitu vya simu pale watajua wenyewe. Bei ilikuwa ya kawaida, sio zile za kutandazwa chini kwenye turubai, sio pia zile za kufungiwa kwenye kabati la kioo. Nilitaka za waya kwa makusudi. Mimi ni fundi nguo hapa Soweto, nashinda kwenye cherehani, na zile za bila waya ikidondoka moja kwenye vipande vya vitambaa utaitafuta mpaka mwenye sare zake afike. Isitoshe, redio ya simu bila waya haishiki, kwa sababu waya wenyewe ndio antena. Kwa kazi hiyo nazisifu kutoka moyoni: taarifa ya habari naisikia safi, mtangazaji wa mpira hata akipiga kelele hanichubui masikio, na mahubiri ya asubuhi yanaingia vizuri kabisa.

Siku za mwanzo nilikuwa na furaha ya kitoto. Shemeji yangu anaendesha bajaji hapa mjini na ni mgonjwa wa singeli, akaniwekea nyimbo zake kwenye simu ili nizipime. Mimi singeli sikuwa naielewa. Ule mwendo unavuka mapigo 200 kwa dakika, na kwenye hedifoni nilizokuwa nazo zamani ulikuwa unageuka uji, huoni ngoma iko wapi na kinanda kiko wapi. Hizi zilitenganisha. Kila pigo lilikuja kivyake na kuondoka kabla la pili halijafika, na mghani juu yake nilimsikia neno kwa neno, hata yale ambayo afadhali nisingeyasikia. Nilijikuta napiga pedali kwa kasi ile, nikamaliza kushona mikunjo ya sketi ya shule kabla chai haijapoa. Nikamwambia shemeji, hela yangu haijapotea.

Amapiano nayo ilinipendeza, ila kwa masharti. Ile besi yake inayogonga halafu ikajikunja chini inataka kiraba kizibe sikio sawasawa. Pakibaki upenyo kidogo tu, besi yote inavuja nje na unabaki na vile vichekecheke vya juu. Kwenye boksi kuna viraba vya saizi tatu, na vya kati vilivyokuja vimevaliwa havikunikaa. Vidogo vilinikaa. Lakini sisi mafundi tuna tabia ya kubana pini mdomoni, na nikibana pini taya linasogea, kiraba kinalegea, besi inakimbia. Natoa pini, besi inarudi. Nilicheka peke yangu mpaka mteja akauliza kulikoni.

Bongo fleva sina la kusema, zinapiga tu. Taarab nilijaribu kidogo: fidla ilinitoboa, nikaizima. Sio kwamba ni mbaya sana, ila hizi hedifoni zimenyanyuliwa sauti za juu kupita kiasi, na taarab imejaa vyombo vinavyoishi huko huko juu.

Sasa njoo kwenye kwaya.

Mwalimu wetu anatutumia nyimbo kwa WhatsApp. Anatuma kila sauti peke yake, kisha anatuma wimbo wote ulivyochanganywa studio ili mtu ajifunze kusimama kwenye sauti yake huku wenzake wakimvuta. Katika wimbo tuliokuwa tunaufanyia mazoezi, fundi mitambo aliweka sauti ya pili upande wa kushoto, ya tatu kulia, ya kwanza na ya nne katikati. Nikavaa hedifoni, nikafunga mlango maana baridi ya huku Juni na Julai haina mchezo, nikatulia nisikilize. Kwanza zikaja herufi S. Yesu, msalaba, asante, wasafiri, kila S ilinipuliza sikioni. Nikavumilia. Ndipo nikagundua kwamba sisi hatupo. Sauti ya kwanza ipo, ya nne inanguruma vizuri tu, ya tatu imejaa tele upande wa kulia, sauti ya pili iko mbali huko kama tuliimbia nje ya ukumbi. Nikaongeza sauti. Ya tatu ikazidi kupanda, sisi tukabaki pale pale.

Hapo nikataka uhakika, nikatafuta rumba ya zamani. Nawashauri mfanye hivyo na nyie mkinunua hedifoni yoyote. Nyingi ya nyimbo zile za bendi zetu zilirekodiwa pale Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga pamoja, na sauti ni moja, haikugawanywa kushoto na kulia. Masikio yote mawili yanapewa kitu kile kile. Kwa hiyo mwimbaji anatakiwa akae katikati ya kichwa chako, hapa juu ya pua. Wangu alikuwa amekaa juu ya sikio la kulia, yeye na gitaa la solo na tarumbeta zote. Singeli ilikuwa imenificha hili, kwa sababu mambo yake ni mengi na yanakwenda mbio, nani ana muda wa kuuliza limetokea upande gani?

Nikafanya jaribio la mwisho, na hili ndilo linalonipandisha presha mpaka leo. Nilizigeuza. Ya kushoto nikaivaa kulia, ya kulia nikaivaa kushoto. Kama sikio langu ndilo bovu, upande wa kushoto ungebaki dhaifu vile vile. Haukubaki. Udhaifu ulihama na hedifoni, mwimbaji wa rumba akahamia kushoto. Nikazigeuza tena, akarudi kulia. Kazi imekwisha, hata mtoto wa darasa la tatu ataelewa.

Kesho yake, au kesho kutwa, nikapanda daladala mpaka Mwanjelwa. Nilikwenda kwa amani kabisa. Yule kijana ni wa umri wa mwanangu wa kwanza, akanipokea na "Mambo?" badala ya shikamoo. Nikaimeza. Nikamweleza taratibu, kaka, hii ya kushoto inatoa sauti ndogo kuliko ya kulia, naomba unibadilishie. Hakunijibu. Alizichukua, akazifuta kwenye jinzi yake, akazitumbukiza masikioni mwake mwenyewe bila hata kuniuliza, akachomeka kwenye simu yake na kuwasha singeli mpaka mwisho. Mimi niliyesimama mbele ya meza niliisikia. Akawa anatikisa kichwa huku anamhudumia mtu mwingine kioo cha simu. Wimbo wote! Mwisho akazitoa, akanirudishia zikiwa na joto la masikio yake, akasema, "Zinapiga, mama."

Nikamwambia sikusema hazipigi. Nimesema upande mmoja unapiga kidogo. Nikamwomba azivae kwa kuzigeuza, kushoto kwa kulia, ahakikishe mwenyewe. Akasema, "Mimi sio daktari wa masikio." Watu wakacheka. Ndipo akatoa lile neno la masikio kutolingana, akanionyesha kwa kidole karatasi iliyobandikwa ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikamwuliza, hata mbovu? Akasema nilete risiti. Risiti! Siku ya kununua niliidai, maana TRA hawachoki kutukumbusha kwamba ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia mashine imekosa mtandao nipite baadaye. Nilipomkumbusha akageukia mteja mwingine. Ikawa kama sipo tena pale.

Nilirudi Soweto nikiwa nimeamua kuandika kwamba hedifoni hizi ni takataka, msinunue, na kweli nilianza kuandika hivyo. Ila haki ni haki. Jirani yangu pale ana kibanda cha uwakala wa pesa, binti mdogo, mpole, akaniuliza mbona nimenuna. Nikamsimulia. Akaniomba simu, akaingia kwenye mipangilio, akatafuta sehemu ya ufikivu, ile ya kuwasaidia wenye shida ya kuona na kusikia. Mle ndani kuna mstari mmoja una herufi L mwisho mmoja na R mwisho wa pili. Akausogeza kidogo kuelekea L, akaniambia, "Sikiliza sasa, mama mkubwa."

Niliweka rumba. Mwimbaji akatoka sikio la kulia, akatembea, akasimama juu ya pua. Nikaweka wimbo wetu wa kwaya na sauti ya pili ikafunguka, ikaja karibu kiasi kwamba nilisikia mwenzetu mmoja anavuta pumzi kabla ya kiitikio. Nilitaka kumkumbatia yule binti. Zile S bado zilikuwepo, lakini unapojisikia mwenyewe umo ndani ya wimbo unasamehe mengi. Kwa jioni ile nzima ningekuambia hizi ni hedifoni nzuri kuliko zote nilizowahi kuvaa, na ningeapa.

Halafu akili ikarudi. Ule mstari hauongezi nguvu kushoto, unachofanya ni kuipunguza kulia mpaka zilingane. Yaani mzima analazimishwa kuugua ili afanane na mgonjwa. Sauti ya jumla inashuka, na mimi nakaa kando ya barabara, mbele malori, nyuma cherehani. Inabidi nipandishe. Shirika la Afya Duniani linasema ukisikiliza kwa desibeli 80 usizidishe saa 40 kwa wiki, na ukipandisha zaidi ya hapo saa zinapungua haraka. Mimi saa 40 nazimaliza kabla ya Ijumaa. Kwa hiyo nimenunua kitu kizima, nimepata nusu na robo, na ili nipate hiyo robo ya mwisho niyaweke rehani masikio yale yale ambayo kijana amesema hayalingani. Na kila ninaporudisha spika ya simu niangalie video na wajukuu wa dada yangu, mstari ule lazima niukumbuke.

Na jambo hili la binti lilichukua muda gani? Hata wali haujaanza kuchemka. Yule kijana anauza vitu vya simu kutwa nzima, haujui mstari ule? Kama anaujua, kwa nini asinionyeshe, nikaondoka nikimshukuru? Kama haujui, nani alimpa udaktari wa masikio pale?

La waya nilikuwa nalisahau. Ukivaa sweta, na huku bila sweta asubuhi hutoki, waya ukisuguana nalo unasikia krrr krrr ndani ya kichwa. Nimeupitisha nyuma ya sikio kwa juu kisha mgongoni, kelele imepungua sana. Hilo silihesabu kama kosa kubwa, hedifoni nyingi za waya zina tabia hiyo, ila kwenye wimbo wa taratibu linakera.

Basi nyota ngapi? Nilikuwa nimeweka moja. Nikaweka tatu baada ya yule binti. Wakati naandika habari ya singeli pale juu zilifika nne, na nilipofika kwenye jinzi ya yule kijana zikarudi mbili. Ziacheni hapo hapo mbili, za hedifoni. Yeye sijampa hata moja.

Jumamosi nitakuwa Mwanjelwa kununua zipu na uzi, na njia yangu inapita mlangoni kwake. Shemeji kanipa hela nimchukulie hizi hizi, kasema kushoto kukiwa na sauti ndogo kwake ni sawa tu, sikio hilo analitaka liwe huru asikie abiria wakisema shusha. Nimemwambia nitamnunulia, ila nitazipima pale pale mezani kwa rumba, moja baada ya nyingine, zote alizonazo, na foleni nyuma yangu isubiri.