FEFO: vidonge vya damu vinavyolaumiwa kwa makosa ya chai na minyoo

"Nimemeza mwezi mzima, damu iko palepale." Lalamiko hili huifuata FEFO kila mahali, na mara nyingi kidonge hakina kosa. Kile cha kawaida kina ferasi salfeti miligramu 200, ambamo chuma chenyewe ni kama 65 tu, pamoja na foliki asidi kidogo. Mwili hufyonza sehemu ndogo ya hicho chuma, hasa kwenye duodeni, mwanzo kabisa wa utumbo mdogo. Ndiyo maana zile kapsuli ghali za kuyeyuka polepole hatuzipendekezi: tumbo halisumbuki sana, lakini chuma kingi huachiliwa mbele zaidi kwenye utumbo, mahali pasipokifyonza vizuri.

Meza kwa maji, tumbo tupu, muda wa saa moja kabla ya kula. Chai iwe mbali, walau saa mbili, kwa sababu tanini zake hukamatana na chuma na vyote huishia chooni. Maziwa na dawa za kiungulia ni hivyo hivyo. Chungwa linasaidia. Kichefuchefu kikizidi, meza baada ya chakula. Utapoteza kiasi, lakini ni afadhali kuliko kidonge kilichobaki kabatini. Choo cheusi ni kawaida. Kikiwa cheusi, kinanata kama lami na kunuka vibaya, hiyo huenda ni damu inayovuja tumboni: nenda hospitali.

Kumeza vitatu kwa siku ni kulichosha tumbo bure. Baada ya dozi ya kwanza ini hutoa hepsidini, homoni inayozuia chuma kuingia mwilini, na ufyonzaji hushuka kwa karibu siku nzima. Kimoja kinatosha, hata siku moja ndiyo, siku moja hapana. Mjamzito yeye afuate kliniki: kila siku.

Pima wekundu wa damu kabla ya kuanza, kisha baada ya wiki nne. Ukipanda kwa gramu 1 au zaidi kwa desilita, dawa inafanya kazi. Endelea miezi mitatu baada ya kufika kawaida, ili akiba ijae. Usipopanda na unameza sawasawa, usibadilishe chapa, tafuta ugonjwa. Minyoo ya safura hung'ang'ania ukuta wa utumbo na kunyonya damu kila siku, na dawa ya minyoo, albendazole miligramu 400, ni rahisi kuliko chupa ya sirapu ya damu. Wapo pia bakteria wa vidonda vya tumbo, omeprazole (dawa ya kupunguza asidi tumboni) ya miezi mingi, hedhi nzito, na ugonjwa wa siliaki, ambao hukwangua utumbo palepale chuma kinapofyonzwa. Mwenye selimundu asijiongezee chuma kabla ya kupima feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini. Damu yake hupungua kwa sababu nyingine.

Kasoro ya FEFO tunaiona kwenye ufungaji. Mara nyingi vidonge hutolewa kwenye kimfuko cha plastiki kisicho na kifuniko wala maelezo, navyo vimepakwa sukari, vinang'aa kama pipi. Kumi vinatosha kuhatarisha maisha ya mtoto wa kilo 10. Vihamishie kwenye kopo lenye kifuniko kigumu, juu ya kabati.